Mtakavyoamua Nyie

9 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Pokea salamu zangu kabla sijasahau, maana siku hizi nikianza na jambo lenyewe salamu zinabaki kwenye kalamu. Mimi sijambo. Goti la kushoto lilikuwa linalalamika nikipanda ngazi, nikaacha kupanda ngazi, sasa tumeelewana. Paka mzima, amenenepa. Jirani yangu muuza mkaa amepata mjukuu wa nne, na wote bado anawaita "wewe". Kaka yako Mwenyekiti alipita Jumapili kupima kitanda changu kama kitaenea kwenye lori. Futi kamba ilikuwa yangu, na ameondoka nayo.

Najua utasema, Shangazi, si ungepiga simu? Simu sina ugomvi nayo. Ila kwenye simu mtu anakuuliza, unajibu kabla hujajua unafikiria nini, halafu ndiyo imeshatoka. Barua inanisubiri. Nikikosea nafuta.

Haya. Kwenye kile kikao cha Desemba mlisema haifai mjane wa umri wangu kukaa peke yake, kwa hiyo ifikapo Julai nifunge chumba cha kushonea, cherehani iuzwe, nije kuishi kwako. Mliniuliza napenda nini, nikasema mtakavyoamua nyie, mkaamua. Sawa. Sasa kama nakuja kuishi na mwalimu wa Kiingereza, siwezi kuja bubu. Kuna mteja wangu, msimamizi wa ile hoteli mpya. Namwita Madamu Mapazia kwa sababu nimemshonea mapazia sitini na manne. Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante". Kila akija ananishikia vitambaa viwili, kimoja huku kimoja kule, na kwenye swali lake hakukosekani prefer, au rather, au instead, au either. Mimi nasema yes. Anacheka, anauliza tena, nasema yes tena. Mwezi uliopita hizo yes zangu zilizaa mapazia yenye upande mmoja wa kijani na mwingine wa kahawia, na wageni wanadhani ni mtindo.

Nifundishe tofauti ya maneno hayo, polepole, kama unavyowafundisha watu wazima wako. Ni kwa kujifurahisha tu. Hakuna haraka, ila iwe kabla ya mwisho wa Mei.

Shangazi yako


23 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua imefika na kipande cha uzi mwekundu ndani ya bahasha, nikajua kweli imetoka kwako. Mimi mzima. Darasa letu bado liko juu ya duka la matairi, na wanafunzi wangu wananukia mpira hata wakienda harusini. Mwaka huu ninao kumi na wanane: manesi, madereva, na fundi saa mmoja ambaye huchelewa kila siku. Kaka Mwenyekiti ananipigia kila jioni kuuliza upana wa mlango wangu. Nimemwambia mlango haujabadilika tangu jana.

Chumba chako nimeanza kukitengeneza. Nimetoa vitabu na meza ya kusahihishia, vyote sasa viko jikoni. Niambie unapenda rangi gani ukutani.

Maneno yako basi. Prefer ni pale ukipenda kimoja kuliko kingine, na huoni haya kusema. Rather ni dada yake mpole: naye anapenda kimoja kuliko kingine, lakini hataki ugomvi. Instead ni pale kitu kinapokaa kwenye kiti cha mwenzake: ulitarajia hiki, kumbe kimekuja kile. Either ni chochote kati ya viwili. Na neither, ambayo hukuiuliza, ni hapana kwa vyote viwili.

Tunga sentensi za kila neno uniletee. Ziwe za maisha yako mwenyewe, maana sentensi za uongo hazikai kichwani.

Na kwani mwisho wa Mei kuna nini? Lori ni Julai.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku mvua ilinyesha siku mbili, bati likavuja palepale linapovuja siku zote, na sufuria yangu inajua pa kukaa.

Rangi ya ukuta, yoyote ile mwanangu, utakayoona inafaa.

Either nimeielewa mara moja. Hilo ndilo neno la ukoo wetu, nashangaa Waingereza wamelitoa wapi. Umesahau meza ya marehemu baba yako? Kipande cha mwisho cha nyama kinabaki kwenye sahani. "Kula wewe." "Aa, kula wewe." "Mimi nimeshiba, mpe mtoto." Na mtoto naye ameshafundishwa kusema ameshiba. Kinalala pale mpaka paka anaamua kwa niaba ya wote. Paka wote wa ukoo wetu ni wanene, na watu wetu wembamba.

Mimi nilipoulizwa kama namtaka marehemu mume wangu, nilijibu mtakavyoamua nyie. Bahati yangu waliamua vizuri. Nimeishi na yule mwanaume miaka thelathini na moja kwa furaha, na mpaka leo nikikumbuka jasho linanitoka. Je, wangeamua yule mwingine, mwenye baiskeli?

Sentensi zangu hizi hapa. Usicheke.

Mimi prefer cherehani ya kukanyaga kuliko ya umeme.
Mimi prefer kuamka saa ninayotaka.
Mimi rather nikae kwenye stuli yangu kuliko kwenye sofa la mtu.
Madamu alileta karatasi ya kujaza instead ya vitambaa.
Nitalala kwako, instead nitalala kwangu. Hii sina uhakika nayo.
Either nije, either nisije, paka ataumia.

Kaka yako alimleta mnunuzi wa cherehani, mama mmoja mpole. Nikamwonyesha inavyoshona. Sijui ilikuwaje, labda nilisahau kukaza uzi wa chini, cherehani ikakamata kitambaa, ikakitafuna, ikakitema. Nikamwambia, "Dada, hii ndiyo tabia yake. Ikikukasirikia, inakula mpaka mikono ya blauzi." Akaaga upesi. Kaka yako aliniangalia sana. Mimi nilikuwa naokota uzi.

Shangazi yako


4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Fundi saa amefaulu mtihani, lakini alifika wakati wenzake wanatoka, ikabidi tumtungie mwingine.

Sentensi zako nimewasomea wanafunzi bila kusema ni za nani. Nesi mmoja akasema, "Mwalimu, huyu mama ana jambo." Nikamwambia anyamaze, tunafanya Kiingereza hapa. Lakini na mimi nauliza: ni karatasi gani hiyo ya Madamu? Na hiyo cherehani imeanza lini kutafuna? Mimi nimelala chini ya meza yako ya kukatia, juu ya mabaki ya vitambaa, tangu nina miaka sita mpaka kumi na tano, na sijawahi kuisikia ikikosea mshono.

Kwa kuwa ulisema rangi yoyote, nimepaka bluu. Fundi rangi alikuwa na bluu iliyobaki.

Instead inakusumbua, basi angalia mifano yangu.

Mwalimu mmoja aliitwa akafundishe kwenye chuo cha ualimu, safari ya siku mbili kutoka kwake. Instead alibaki akapaka rangi chumba.
Mwalimu huyo prefer kufundisha walimu kuliko kufundisha juu ya matairi, lakini hakumwambia mtu.
Mwalimu huyo rather akose kazi ile kuliko aliyemlea akute mlango umefungwa.

Umeona? Nimeandika kwa mtindo wako mpaka nimeanza kuuzoea. Ni mifano tu.

Mwanao


10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tano sasa sijapata barua wala uzi. Kaka anasema u mzima, ila mnunuzi wa pili naye amekimbia, na safari hii cherehani ilikula tai yake. Nakuomba unijibu hata mstari mmoja. Nisipopata kitu mpaka mwisho wa wiki napanda basi.

Mwanao


15 Mei

Mwanangu,

Usipande basi. Mzima mimi. Nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri mkono hauandiki.

Mifano yako nimeisoma mara nyingi. Mbona mwalimu wako kila mahali ana chumba cha kupaka rangi? Nikamsomea muuza mkaa, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji, akasema, "Huyo mwalimu anataka kwenda, na hana wa kumwambia nenda." Nikakaa kwenye stuli nikalia kidogo. Halafu nikamalizia foronya nane, maana zilikuwa za watu.

Na mimi niseme. Mficha uchi hazai. Karatasi ya Madamu ina vijisanduku vitatu, nichague kimoja. Cha kwanza, niwe mshonaji wa hoteli, nikakae kwenye chumba chao cha chini chenye taa mchana kutwa. Cha pili, niwe mshonaji wa hoteli lakini nishonee hapahapa kwangu, wao walete vitambaa na kuja kuchukua. Cha tatu, nisitake vyote viwili. Nimeisoma mwenyewe, mwanangu, neno kwa neno, kwa maneno uliyonifundisha! Mwisho wa kujibu ni tarehe thelathini na moja Mei. Nisipojibu, kazi inakwenda kwa yule fundi wa sokoni ambaye pindo zake zinacheka.

Sasa sikiliza. Nikikuambia nataka nini, utasema "Sawa Shangazi, nami nilitaka hivyohivyo," hata kama ni uongo. Wewe ukiniambia, nitafanya vilevile. Ndivyo tulivyo, kila mmoja anamsubiri mwenzake aanze ili amfuate. Kwa hiyo tarehe ishirini na nane, saa sita mchana, mimi napeleka barua posta na wewe unapeleka yako. Kila mmoja aseme anachotaka. Barua zipishane njiani, asiwepo wa kumsoma mwenzake kwanza. Simu ni marufuku.

Shangazi yako


28 Mei

Mwanangu,

Salamu zipo, utazikuta mwishoni.

Nataka kubaki kwangu. Nataka cherehani yangu, stuli yangu, na bati langu linalovuja. Sitaki kuja kuishi kwako Julai wala mwezi mwingine, si kwa sababu sikupendi. Nimekulea wewe na sijawahi kumpenda mtu mwingine hivyo, marehemu alikuwa anajua na hakuwa na kinyongo. Lakini kwako nitakuwa mgeni anayesubiri kuulizwa kama anataka chai, na mimi chai yangu napenda kuinywa bila kuulizwa.

Karatasi ya Madamu nimeipeleka leo asubuhi. Kijisanduku cha pili. Niliikandamiza kalamu mpaka alama ikatoka nje ya mstari, Madamu akaniuliza kitu, na kwa mara ya kwanza sikusema yes. Nilisema, "I prefer." Akanikumbatia, mimi na pini zangu zote kifuani.

Na jambo la mwisho. Bluu siipendi. Sijawahi kuipenda.

Salamu kwako na kwa fundi saa.

Shangazi yako


28 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba goti linaendelea vizuri. Huku kwetu jua ni kali kidogo, ingawa jana kulikuwa na mawingu, na leo asubuhi pia yalikuwepo lakini si mengi.

Kuhusu lile uliloniuliza, nimelitafakari sana. Kwa kweli mimi sina neno. Ukija nitafurahi mno, chumba kipo na kimekauka. Usipokuja pia nitaelewa, kila jambo lina wakati wake. Ile kazi ya chuo ni kweli ipo, wanataka jibu kabla ya mwisho wa Juni, lakini kazi ni kazi, hata hapa juu ya matairi pana riziki. Naona kote kuna uzuri wake. Muhimu ni wewe uridhike. Kwa hiyo mimi chochote tu, Shangazi, utakavyoona wewe.

Mwanao mtiifu


8 Juni

Mwalimu,

Barua yako nakurudishia kwenye bahasha hii. Nimeisahihisha kwa chaki nyekundu ya kukatia.

Umeulizwa unataka nini, umejibu habari za mawingu. "Sina neno" nimeikata, maana maneno unayo, unaishi kwa hayo. "Kote kuna uzuri" nimeikata. "Utakavyoona wewe" nimeikata mara mbili na karatasi ikatoboka. Kilichobaki ni shikamoo na goti langu.

Sifuri kati ya kumi. Rudia kazi. Na usinizungushe, mimi nimekujua tangu unaficha vifungo vyangu mdomoni na kusema hujavila.

Shangazi yako


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata sifuri na nimestahili. Nilisoma barua yako ya tarehe ishirini na nane nimesimama ngazini, kati ya duka na darasa, wanafunzi wakinipita. Nilicheka kwa ajili ya zile pini, halafu nikaona aibu. Mwanafunzi kathubutu, mwalimu kakimbia.

Narudia kazi.

Nataka kwenda chuoni. Nataka sana, Shangazi. Nimeitaka kazi ile tangu Novemba, kabla ya kikao. Nilikaa kimya kikaoni kwa sababu kila mtu aliniangalia mimi, mimi ndiye uliyemlea, nikaogopa watasema fadhila za punda ni mateke. Kila brashi ya bluu niliyopaka ukutani ilikuwa na hasira. Hasira yenyewe sikujua ni ya nani, nikaimalizia kwenye ukuta.

Sitaki uishi kwangu ili nilipe deni la kulelewa. Nataka uje Desemba, wiki mbili, si zaidi. Nataka uniletee mapazia, na rangi ya mapazia uchague wewe. Nataka pia kitu kingine, ni kidogo lakini nimekitaka tangu utotoni: ile stuli usinipe kamwe, ila nikija niikalie mara moja.

Chuoni nimewajibu jana: ndiyo. Kwa kaka sijasema. Huyo nakuachia wewe, kwa maana nakuogopa kidogo tu, na yeye namwogopa zaidi.

Bluu hata mimi siipendi.

Mwanao


5 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kumi kati ya kumi.

Kaka yako alifika juzi Jumapili na lori, dereva, mkewe, na futi kamba yangu shingoni. Nilikuwa nimepika, nikawaambia tule kwanza. Tukala. Sahani ilipokaribia kwisha akasimama, akakohoa kama afanyavyo kufungua kikao, akasema, "Basi Shangazi, tunaanza na kitanda au kabati? Wewe unapenda tuanze na nini?" Aliuliza kwa mazoea tu, mguu mmoja ulikuwa umeshatoka mlangoni.

Nikasema, "Napenda kubaki."

Akasema, "Eh?"

"Nabaki. Nina kazi ya hoteli. Mdogo wako naye anakwenda kufundisha chuoni, ameshawajibu, na nimembariki. Na hiyo futi kamba naomba."

Weee! Kaka yako alikaa chini. Nilidhani atagomba, nikashika ukingo wa meza. Lakini aliniangalia kama mtoto aliyepotea, akasema, "Shangazi, kwa nini hukusema? Mimi miezi saba silali, napima milango. Mgongo wangu haufai kubeba kabati, na lori hili sikulitaka." Kumbe! Nikamuuliza, "Sasa nani alilitaka lori?" Akamtazama mkewe, mkewe akamtazama dereva. Dereva akasema yeye kaitwa tu. Mke wa kaka yako akaanza kucheka, na akiwa katikati ya kicheko akasema miaka kumi na tisa anampikia mumewe uji mzito naye anaupenda mwepesi, ndipo kaka yako akasema hata yeye anaupenda mwepesi. Tulicheka mpaka machozi. Mimi yangu hayakuwa ya kicheko yote.

Nenda mwanangu. Nenda ukafundishe walimu, na usigeuke nyuma kuangalia kama nimenuna, sijanuna. Ukija, stuli utaikuta imefutwa. Vitambaa vya hoteli vimeanza kufika, na mapazia yako nimeshayakata kwenye kipande changu mwenyewe, ya manjano, nimechagua bila kumuuliza mtu.

Walipokuwa wanaondoka, kaka yako alirudi mezani kuchukua funguo, akakuta sahani bado ina kipande kimoja cha nyama. Akakisogeza kwangu. "Kula wewe, Shangazi." Mdomo ukafunguka wenyewe kusema nimeshiba, nikaufunga.

Nikakila. Paka amenuna mpaka leo.

Shangazi yako